Safu ya Saba

Safu ya saba ndiyo iliyotukwamisha. Jedwali lilikuwa na safu 22, na nyingine zote zilijazika bila kelele: mwaka wa makala, jina la jarida, aina ya mnyama, idadi ya waliochunguzwa, kama walikuwa porini au kizuizini. Tukifika ya saba, kazi inasimama. Juu yake nilikuwa nimeandika mwenyewe swali ambalo siku ile nililiona jepesi kuliko yote: "Je, kuna ushirikiano? Ndiyo/Hapana."

Mimi ni mkutubi kwa mafunzo. Sijawahi kulala porini nikisubiri mnyama atoke shimoni, wala sijaendesha jaribio la maabara. Nilichokijua ni kupanga: kitu gani kikae wapi ili atakayekuja kesho akipate. Kwa hiyo nilipoombwa kuratibu kikundi cha watafiti wa ushirikiano, wa wanyama na wa binadamu kwa pamoja, nilidhani nimeitwa kupanga makabati. Kulikuwa na mtaalamu wa tabia za wanyama, mwanauchumi, mwanaanthropolojia, mwanasaikolojia wa watoto, mwanahisabati mmoja asiyependa vikao, na wasaidizi wa utafiti wanne ambao, kama ilivyo kawaida, ndio waliofanya kazi. Lengo lilikuwa kuzikusanya tafiti za fani zote hizo mahali pamoja, ili mtu aulize swali moja na kujibiwa na popo, samaki na binadamu kwa mpigo.

Ugomvi wa kwanza waliuleta popo. Mwaka 1984 Gerald Wilkinson alichapisha utafiti wake wa Costa Rica juu ya popo wanyonya damu. Popo hawa wakikosa damu siku mbili tatu mfululizo hufa njaa. Aliyerudi mtupu humwendea mwenzake aliyeshiba, na mwenzake humtapikia sehemu ya damu aliyoipata. Mtaalamu wetu wa wanyama akajaza "Ndiyo" kabla hata hajakaa vizuri kitini. Mwanauchumi akajaza "Hapana", akasema huo ni mkopo, na mkopo si ushirikiano. Mwanaanthropolojia akauliza kama hao popo ni ndugu, maana kumlisha nduguyo ni habari nyingine kabisa. Mwanahisabati akaandika "Inategemea" kwenye kisanduku kilichowekwa kipokee maneno mawili tu, programu ikagoma, na jedwali zima likajifunga hadi kesho yake.

Kikao kile kilichukua saa tatu. Muhtasari wake ninao bado, na kila nikiusoma naona wazi kwamba kosa lilikuwa langu.

Kila mmoja alikuwa amekuja na ushirikiano wake mfukoni. Kwa mwanabiolojia, tabia haiwi ya ushirikiano mpaka imnufaishe mwingine, na manufaa hayo yawe walau sehemu ya sababu iliyoifanya tabia hiyo ibaki kizazi baada ya kizazi. Ng'ombe akinya na mende wa mavi akashiba, mende kanufaika, lakini hakuna aliyeshirikiana na mtu. Kwa mwanauchumi, ushirikiano ni namba. Alituchorea mchezo wa mfuko wa pamoja: watu wanne, kila mmoja ana vipande 20 vya pesa ya mchezo, na anaamua atie vingapi mfukoni. Kila kipande kinachotiwa kinampa kila mmoja wa wanne 0.4. Aliyetia amepoteza 0.6, kikundi kimepata 1.6. Ushirikiano ni vile vipande ulivyotia, basi. Hataki kujua moyoni mwako mna nini. Mwanasaikolojia, kwa upande wake, alitaka hasa kujua mna nini moyoni. Mfano wake mpendwa ulikuwa watoto wa miezi 18 wa utafiti wa Felix Warneken na Michael Tomasello wa mwaka 2006: mtu mzima anaangusha kibanio cha nguo, anakinyooshea mkono hakifikii, na mtoto ambaye hata kutembea bado anayumba anakwenda kukiokota na kumpa, bila kuombwa kwa maneno wala kuahidiwa kitu.

Mwanahisabati alisubiri wote wamalize, akaandika ubaoni mstari mmoja wa mwanabiolojia William Hamilton wa mwaka 1964: undugu ukizidishwa kwa faida ya mpokeaji lazima uzidi gharama ya mtoaji. Akakaa. Kwake mjadala ulikuwa umekwisha.

Hapo ndipo mmoja wa wasaidizi, kijana mpole, alipojaribu kutuliza mambo kwa methali. "Wazee wangu, kidole kimoja hakivunji chawa," alisema. Mwanahisabati akamgeukia taratibu. "Vidole viwili vya mwili mmoja, undugu wao ni moja kamili," akamjibu. "Huo si ushirikiano, hiyo ni nafsi moja inajikuna." Tulicheka mpaka machozi. Na bado nadhani, kwa namna yake ya ajabu, ndiye aliyesema jambo la maana kuliko wote siku ile, maana ndiyo sababu ya chungu kukubali kuishi na kufa bila kuzaa: undugu ndani ya kichuguu uko karibu kiasi kwamba wengi wanafanya kazi kama vidole.

Kiswahili kingetuokoa mapema kama tungekisikiliza. Tuna kusaidia na tuna kusaidiana, kukopesha na kukopeshana, kutegemea na kutegemeana. Kile kiambishi kidogo cha "-an-" kinadai pande mbili; hakikubali wema wa upande mmoja. Nyuki anayemchoma adui wa mzinga na kufa kwa sababu hiyo anasaidia. Hasaidiani, maana hatakuwepo wa kulipwa. Nilianza mazoezi ya kusoma kila makala na kujiuliza: kitendo kilichoelezwa humu, ningekiandika kwa "-ana" au la? Ni ajabu makala ngapi zilizobeba neno ushirikiano kwenye kichwa cha habari ziliishia kwenye kusaidia tu, au kunufaika kwa kuwa mahali pamoja, au hata kuvumiliana.

Nikaifuta safu ya saba. Nilifanya hivyo usiku, bila kuomba ruhusa, na badala yake nikaongeza safu tano mwisho wa jedwali. Nani aligharamika? Nani alinufaika? Walikutana zaidi ya mara moja? Ni ndugu wa damu, na hilo limejulikana kwa vinasaba, kwa kutazama, au kwa kuambiwa? Jambo lenyewe lingefanyika na mmoja peke yake? Hakuna hata swali moja kati ya hayo lenye neno ushirikiano. Anayetaka kujua kama popo wanashirikiana achague mwenyewe maana anayoitaka, kisha achuje mistari kwa majibu hayo matano.

Popo wakatulia. Ikadhihirika pia kwamba swali la mwanaanthropolojia halikuwa la kejeli: mwaka 2013 Gerald Carter na Wilkinson, wakiwachunguza popo waliofugwa, waliona kwamba kinachotabiri zaidi nani atamlisha nani ni nani alimlisha nani hapo awali, kuliko undugu. Kwenye jedwali la zamani taarifa hiyo isingekuwa na pa kukaa. Samaki msafishaji naye alipata nyumba. Huyu huingia hadi kinywani mwa samaki wakubwa akila wadudu wanaowanyonya, lakini anachokipenda hasa ni ute wa ngozi ya mteja, na akiuuma mteja hushtuka na kukimbia, au humfukuza. Redouan Bshary na wenzake wameonyesha kwamba msafishaji huwa na adabu zaidi akijua kuna wateja wengine wanaotazama. Mwanauchumi aliposoma mstari huo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyu namfahamu."

Sheria iliyofuata ilikuwa kwamba kila makala isomwe na watu wawili wasiozungumza. Kila mmoja anajaza kivyake, kisha mimi nalinganisha. Watu walilalamika kwamba kazi imezidishwa mara mbili, na ni kweli ilizidishwa. Kukubaliana kwetu tulikupima kwa kipimo cha Jacob Cohen cha mwaka 1960, ambacho huondoa kwanza yale makubaliano ambayo yangetokea kwa bahati nasibu. Matokeo ya awamu ya kwanza yalikuwa ya aibu. Lakini nilipoyapanga matofauti kwa safu, niliona hayakuwa yametapakaa ovyo. Karibu yote yalikuwa kwenye gharama. Wasomaji waliotoka upande wa wanyama walihesabu gharama kwa gramu, dakika na hatari ya kuliwa. Waliotoka upande wa binadamu walihesabu kwa vipande vya mchezo, na kama makala haikuwa na vipande waliandika "haipo". Chakula alichokitoa mwindaji mbele ya mtafiti kilikuwa kimeandikwa gharama "haipo" kwa sababu hakikuwa na bei. Tulikaa siku nzima kuandika ukurasa mmoja wa maelekezo ya safu hiyo. Ukurasa huo, kwa maoni yangu, una thamani kuliko makala mbili tatu zilizotoka kwenye mradi.

Sasa niseme lililotuumiza.

Mmoja wa wasaidizi alikuwa ameleta kumbukumbu zake mwenyewe za miaka mitano, alizozikusanya kwa kuwafuata wanyama wa aina moja alfajiri hadi jioni: nani alimlinda nani, nani alilea mtoto wa nani. Hazikuwa zimechapishwa. Aliziweka kwenye faili letu la pamoja kwa moyo mweupe, kwa kuwa tulikuwa tumesema hadharani kwamba faili ni la wote. Miezi michache baadaye alihudhuria mkutano, akaketi nyuma, na kuona michoro ya data zake ikipita ukutani, ikielezwa na mwenzetu mwenye cheo kikubwa. Jina lake halikuwepo hata kwa herufi ndogo. Hakusimama kuuliza. Usiku ule ule alifungua faili, na asubuhi niliikuta mistari 340 mitupu.

Nilimpigia simu. "Dada, ungeniambia kwanza," nilisema. Akanijibu kwa upole ulioniumiza zaidi ya matusi: "Ningekwambia, ungefanya nini? Kuna kanuni gani ungeifungua ukamsomea?" Hapakuwa na kanuni. Tulikuwa watu kumi tunaosoma kutwa kucha jinsi viumbe wanavyozuia udoezi, na sisi wenyewe hatukuwa na hata sentensi moja juu ya nani achukue nini. Tulitegemea kuwa tunapendana.

Mwanauchumi alitaka adhabu. Alinukuu majaribio ya Ernst Fehr na Simon Gächter ya mwaka 2002, ambapo washiriki walikuwa tayari kulipa kipande chao kimoja ili mdoezi apunguziwe vitatu, hata kama hawatakutana naye tena, na michango ikapanda. Mwanaanthropolojia akamwambia, "Mzee, hapa si maabara, kesho tunakaa naye meza moja." Yeye ndiye aliyetuletea Elinor Ostrom. Aibu yangu ni kwamba kitabu chake cha mwaka 1990 nilikuwa nimekiorodhesha mimi mwenyewe, nikakipa namba, nikakipangia rafu, bila kukifungua.

Garrett Hardin, mwaka 1968, alikuwa amedai kwamba malisho yaliyo wazi kwa wote lazima yaharibiwe, maana kila mfugaji atazidi kuongeza ng'ombe. Ostrom hakubishana naye kwa nadharia. Alikusanya mifano ya malisho, mifereji na maeneo ya uvuvi ambayo watu walikuwa wameyatunza wenyewe, mengine kwa karne nyingi. Kazi hiyo ndiyo iliyomfanya mwaka 2009 awe mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Kati ya mifano yake, uliotushika ni kijiji cha Törbel, milimani Uswisi. Tangu mwaka 1517 wana kanuni kwamba mtu asipeleke malishoni ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha yeye mwenyewe wakati wa baridi. Tazama ufundi uliomo. Kanuni haisemi watu wawe wema, wala haihitaji hakimu wa kupima tamaa ya mtu. Nyasi kavu ulizozirundika ghalani kwako kila jirani anaziona, na hizo ndizo zinazosema una haki ya ng'ombe wangapi.

Tukaiga. Kanuni yetu ilisema: huchukui kwenye jedwali mistari mingi kuliko uliyoikagua mwenyewe kama msomaji wa pili. Ukaguzi ndio nyasi zetu kavu. Unataka mistari 200 ya nyani kwa ajili ya makala yako? Onyesha 200 ulizowasomea wengine. Na data ambayo haijachapishwa ina mlango wake: hutoki nayo bila barua ya mwenyewe. Kwa anayevunja, hatua ya kwanza ni simu kutoka kwangu, bila mtu mwingine kujua. Ya pili ni jina lake kuandikwa kwenye daftari la matumizi ambalo wote wanaliona. Ya tatu ni kufungiwa. Ostrom alikuwa amesisitiza adhabu ianze ndogo na kupanda hatua kwa hatua, na mimi nilikuwa na shaka, nikidhani watu wakubwa hawataogopa simu ya mkutubi. Waliogopa. Hatua ya pili tumeifikia mara moja tu. Ya tatu bado.

Mwenzetu wa michoro? Aliomba radhi kwa barua, akaliongeza jina. Nasema hivyo kwa kifupi kwa sababu ndivyo alivyofanya, kwa kifupi.

Wadoezi wa aina nyingine walikuwa wagumu zaidi kuwaona. Mwaka 2011 Joshua Plotnik na wenzake walichapisha jaribio la tembo nchini Thailand. Meza yenye chakula imezungushiwa kamba moja yenye ncha mbili. Ukivuta ncha yako peke yako kamba inachomoka na meza inabaki ilipo. Lazima wawili wavute kwa pamoja. Tembo walielewa vizuri hata wakaweza kumsubiri mwenzao aliyecheleweshwa hadi sekunde 45 bila kugusa kamba. Lakini jike mmoja mdogo aligundua njia yake: aliikanyaga ncha yake kwa mguu, imara, akamwacha mwenzake avute peke yake mpaka meza ikaja. Kamba haikuchomoka. Chakula alikula.

Nilisoma hiyo nikamwona waziwazi mjumbe wetu mmoja. Hakuwa mwizi, wala hakuwa mvivu wa kudharauliwa. Alihudhuria kila kikao, alijibu kila barua pepe kwa "Naunga mkono", na jina lake lilizuia mradi usichomoke mikononi mwa mfadhili. Alikuwa amekanyaga kamba. Swali gumu ni kwamba mguu wake ulikuwa na kazi: bila yeye kusimama pale, meza isingekuja. Je, huyo ni mdoezi au mshirika? Niliwauliza wenzangu kwa utani, wakagawanyika nusu kwa nusu. Mwishowe tuliacha kuhukumu, tukaanza kuandika. Majarida mengi siku hizi yanatumia orodha ya majukumu 14, kuanzia kubuni wazo hadi kutafuta fedha, na kila mwandishi anataja yapi alifanya. Mjumbe wetu alijaza moja: kutafuta fedha. Ilikuwa kweli, na mbele ya wasaidizi waliojaza sita au saba, ukweli huo ulionekana ukubwa wake halisi.

Kitu nilichokiingiza nikiwa na wasiwasi, na leo ndicho ninachokilinda kwa ukali, ni safu ya kurudiwa kwa utafiti. Mwaka 2012 makala iliyovuma sana ilisema kwamba watu wakilazimishwa kuamua haraka huwa wakarimu zaidi, na wakipewa muda wa kufikiri huingiwa na uchoyo. Tulikuwa tumeipa nafasi ya heshima. Mwaka 2017 maabara 21 zililirudia jaribio hilo kwa utaratibu mmoja walioukubaliana kabla, na kwa ujumla athari ile haikuonekana. Ajabu ni hii: kuonyesha kwamba dai moja juu ya ushirikiano halisimami kulihitaji ushirikiano wa maabara 21. Dai lenyewe lilifanywa na watu wachache. Mwanasaikolojia wetu hakupenda kuandika "Halikuthibitishwa" mbele ya makala aliyokuwa akiifundisha. Aliandika, lakini akaniomba nisimtazame akiandika.

Wala nisijifanye kwamba fani hii ina amani. Mwaka 2010 Martin Nowak, Corina Tarnita na Edward Wilson walichapisha makala kwenye jarida la Nature wakidai kwamba hesabu ya undugu haihitajiki kueleza jamii za wadudu kama chungu. Mwaka uliofuata jarida hilo hilo likachapisha jibu lililotiwa saini na wanasayansi 137. Sijui ni mara ngapi katika biolojia watu wengi hivyo wameweza kukubaliana juu ya aya chache, na walichokubaliana ni kwamba wenzao watatu wamekosea. Mwanahisabati alitaka makala hiyo ya 2010 itolewe kwenye jedwali. Nilikataa. Maktaba haiondoi kitabu rafuni kwa sababu kimegombewa. Zote mbili zimo, zimeunganishwa.

Kisha kuna ndege.

Kiongozi-asali ndiye aliyenifundisha udogo wa jedwali langu. Ndege huyu humwongoza binadamu hadi kwenye mzinga wa nyuki wa mwituni. Binadamu hupasua mti na kuchukua asali, ndege hubaki na nta na buu. Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer walipima mwaka 1989, wakiwa na warina asali wa Kiborana kaskazini mwa Kenya: kutafuta bila ndege katika eneo wasilolizoea kulichukua wastani wa saa 8.9 kwa mzinga mmoja, na kwa kuongozwa saa 3.2. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha kwamba Wayao wa Niassa, Msumbiji, wana mlio wao maalumu, mtetemo wa ulimi unaofuatiwa na mguno mfupi, na ukiutoa uwezekano wa kuonyeshwa mzinga unapanda kutoka asilimia 16 hadi 54 ukilinganisha na sauti nyingine. Mwaka 2023 yeye na Brian Wood wakaongeza kwamba ndege wa Msumbiji husikiliza mlio wa Wayao, na wale wa Tanzania husikiliza mluzi wa Wahadza, zaidi kuliko mwito wa ugenini. Na ndege hakufundishwa na mama yake. Hawezi: mama hutaga katika kiota cha ndege wengine na kuondoka, na kinda wake, akiwa hata macho hajafumbua, huwaua makinda wenyeji kwa ncha kali za mdomo wake.

Kwa hiyo mshirika wetu mwaminifu kuliko wote porini alianza maisha kwa mauaji kitandani. Ijaze hiyo.

Wasomaji wawili waliupata mstari huo, na kwa mara ya kwanza walitofautiana kwenye safu zote tano. Lakini kilichonisumbua zaidi kilikuwa safu ya mwaka. Niweke mwaka gani? 2016? 1989? Mmisionari Mreno, João dos Santos, aliandika habari za ndege huyu akiwa Sofala, katika Msumbiji ya leo, mwaka 1588, baada ya kuona ndege wadogo wakiingia kanisani kudonoa nta ya mishumaa. Na aliyemweleza kwamba ndege hao huwaongoza watu kwenye asali hakuwa mwanasayansi. Warina asali walijua kabla ya wote, na wanajua mpaka leo mambo ambayo hakuna makala iliyoyapima. Majina yao, yakiwepo, huwa mwisho kabisa, kwenye shukrani, baada ya mfadhili na dereva. Tangu siku hiyo nasoma makala kuanzia shukrani. Niliongeza safu moja zaidi: "Nani alimwonyesha mtafiti?" Wasaidizi wanalalamika kwamba mara nyingi inabaki tupu. Naijua. Iacheni tupu, nawaambia, ila msiifute.

Mwaka jana dada yule wa kumbukumbu za miaka mitano alinitumia barua pepe isiyo na salamu ndefu. Alikuwa amesoma kanuni ya nyasi kavu, akakagua mistari 340 ya wenzake, idadi kamili, hakuzidisha hata mmoja. Kisha akarudisha yake. Nilifungua faili nikaikuta yote mahali pake.

Wanaojiunga sasa huuliza swali moja karibu wote, kwa kuwa sikubadilisha namba nilipofuta: kwa nini jedwali linatoka safu ya sita na kuruka hadi ya nane? Mwanahisabati, akiwepo, huwa wa kwanza kujibu. "Inategemea," huwaambia.